Kokwa za Zambarau na Panya Weupe

Likizo ya Desemba iliyopita nilikwenda kumtazama bibi yangu, mzaa mama, akaaye kijiji kimoja karibu na Muheza. Nilimkuta kibarazani, ana kinu kidogo mbele yake, anatwanga. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, "Marahaba, mume wangu," kwa utani wake wa siku zote, kisha akaendelea na kazi yake. Nilipochungulia kinuni niliona unga wa rangi ya kahawia.

"Hii ni dawa yangu ya kisukari," akasema. "Kokwa za zambarau zilizokauka. Kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Vile vidonge vya hospitali nimeviacha, maana vilikuwa vinanisokota tumbo."

Nikamwuliza ameviacha tangu lini. Akasema, "Sasa yapata wiki tatu."

Nilinyamaza, kwani si adabu mtoto kumkosoa mkubwa wake papo hapo. Lakini usiku ule nilimsikia akiamka mara nne kwenda msalani, na kila arudipo hunywa maji kikombe tele. Asubuhi nilimweleza mjomba, naye akampeleka kituo cha afya kabla hajala kitu, nami nikafuatana nao. Mwuguzi alimchoma kidole, akatia tone la damu katika kipimo, na hesabu ikatoka 17. Hesabu hiyo ni ya milimoli za sukari katika lita moja ya damu. Mtu asiye na kisukari akipimwa kabla ya kula aghalabu huwa kati ya 4 na 5 na nusu. Ikifika 7 au zaidi, na ikirudiwa kupimwa ikawa vile vile, mtu huyo huhesabiwa kuwa ana ugonjwa. Mganga akamrudisha Bibi kwenye vidonge vyake, akamwagiza avimeze pamoja na chakula ili tumbo lisimsumbue.

Njiani tukirudi Bibi aliniuliza, "Wewe ndiye msomi wa sayansi. Jirani yangu anakula kokwa hizi na sukari yake imeshuka. Wazee walizitumia kabla yetu. Je, sote tu waongo?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi shuleni nilimpelekea mwalimu wetu wa Bayolojia swali lile, akanipa vitabu nisome, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika hapa kwa kuwa najua wanafunzi wenzangu wengi wana bibi kama wangu.

Kwanza yafaa tujue sukari yafanya nini katika damu. Vyakula vyetu vya wanga, kama ugali, muhogo na wali, vikiisha kusagika tumboni hugeuka kuwa sukari nyepesi iitwayo glukosi, nayo huingia katika damu ili ipelekwe mwilini kote. Ini huweka akiba ya sukari hiyo, na usiku tukiwa tumelala huitoa kidogo kidogo. Mwenye kuamuru mambo haya ni insulini, itengenezwayo na chembe fulani za kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Insulini huifungulia sukari njia ya kuingia katika misuli, na huliambia ini lisitoe sukari kupita kiasi. Katika aina moja ya kisukari chembe hizo huharibika, na insulini hukosekana. Katika aina nyingine, ambayo ndiyo ya watu wengi na ndiyo ya Bibi, insulini ipo lakini mwili hauitii vizuri, na polepole kongosho nalo huchoka. Kwa vyovyote sukari hurundikana katika damu, na baada ya miaka mingi huharibu macho, figo, mishipa ya fahamu na miguu.

Mambo haya hatukuyajua kwa kuwatazama watu tu. Mwaka 1889, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, wakaona kwamba mbwa yule amepata kisukari kikali. Mwaka 1921, huko Toronto katika Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliwatia mbwa wa namna hiyo mchujo wa kongosho, na sukari yao ikashuka. Januari 1922 mchujo huo ulijaribiwa kwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa akikaribia kufa. Sindano ya kwanza haikufaa, kwa sababu mchujo ulikuwa na uchafu mwingi. Mwanakemia James Collip akausafisha, na baada ya siku 12 mvulana akachomwa tena, akapata nafuu. Twaona hapa jambo la kukumbuka mpaka mwisho wa makala hii: kuwa na dawa ndani ya kitu ni jambo moja, na kuitoa ikiwa safi, kwa kiasi kinachojulikana, ni jambo jingine.

Basi sasa tuseme kwamba mtaalamu ameletewa kokwa za Bibi, naye ataka kujua kama zina dawa. Atafanya nini?

Ataanza na mti wenyewe. Jina la mtaani halitoshi, maana miti miwili yaweza kuwa na jina moja, na mti mmoja ukawa na majina matano. Mtaalamu wa mimea huutazama, huupa jina lake la kisayansi, ambalo kwa mzambarau ni Syzygium cumini, na tawi lake lenye majani na maua hukaushwa na kuhifadhiwa, ili mtu mwingine akitaka kuhakikisha apate pa kutazama. Huandikwa pia umechumwa wapi, mwezi gani, na sehemu gani ya mti: jani, gome, mzizi au kokwa. Msidhani haya ni mambo madogo. Huko India kokwa za zambarau zimejaribiwa mara nyingi kwa panya wenye kisukari, na majaribio kadhaa yameonyesha kwamba sukari ilishuka. Lakini Brazil watu hunywa chai ya majani ya mti huo huo. Watafiti wa huko waliijaribu kwa panya na kwa watu, na katika taarifa waliyoichapisha mwaka 2000 walieleza kwamba chai hiyo haikupunguza sukari. Mti ni mmoja, sehemu ni mbili, na majibu ni mawili.

Baada ya hapo hutengenezwa mchujo. Kokwa hukaushwa kivulini, kwani jua kali laweza kuharibu vitu vilivyomo, kisha husagwa. Unga hulowekwa katika maji au katika spiriti, huchujwa, na maji yake huvukizwa polepole kwa moto mdogo mpaka kibaki kitu kizito au kikavu. Hicho hupimwa kwa mizani. Kama gramu 100 za unga zimetoa gramu 10 za mchujo mkavu, jambo hilo huandikwa, maana bila hesabu hiyo hakuna atakayeweza kulirudia jaribio. Tena maji hutoa vitu vingine, na spiriti hutoa vingine. Kwa hiyo, kama wazee walitumia maji, si haki kujaribu spiriti peke yake halafu kusema kwamba wazee walikosea.

Kisha huulizwa kama mchujo huu ni sumu. Panya wachache wazima hupewa kiasi kikubwa kwa mara moja, mara nyingi miligramu 2,000 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, nao hutazamwa kwa siku 14: wanakula? wanatembea? manyoya yao yako vipi? kuna aliyekufa? Zamani kipimo hiki kiliua wanyama wengi mno, kwani walipewa dawa makusudi mpaka nusu yao wafe. Njia hiyo ya kale iliondolewa mwaka 2002 katika miongozo inayofuatwa na mataifa mengi, na siku hizi hutumiwa wanyama wachache, watatu watatu kwa hatua.

Nikiwa nasoma habari hizi nilijiuliza kama ni halali kuwatesa viumbe hawa. Mwalimu akanieleza kwamba swali hilo limejibiwa kwa masharti. Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika kitabu kilichoweka masharti matatu. Kama kazi yaweza kufanywa bila mnyama, asitumiwe mnyama. Kama lazima atumiwe, watumiwe wachache iwezekanavyo. Na hao wachache wapunguziwe maumivu. Leo mtafiti hana ruhusa ya kuanza mpaka kamati ya maadili isome mpango wake na kuukubali. Tena naona kwamba jaribio lililofanywa ovyo ni kosa mara mbili, kwani panya wameteseka na hakuna tulilojifunza.

Hatua inayofuata ni kuwapata panya wenye kisukari. Panya weupe wa maabara aghalabu hawaugui ugonjwa huu wenyewe, basi husababishiwa. Dawa moja itumikayo sana huitwa streptozotosini, itokanayo na viumbe vidogo wa udongoni. Nyingine ni aloksani, ambayo kazi yake hii ilionekana kwa bahati mwaka 1943 huko Glasgow, wakati John Shaw Dunn na wenzake walipokuwa wakichunguza madhara ya figo. Dawa hizi huua zile chembe za kongosho zitengenezazo insulini. Hapa pana hatari. Chembe zinapokufa humwaga insulini yote iliyokuwamo, na sukari hushuka ghafla hata panya aweza kufa usiku ule ule. Kwa hiyo hupewa maji yenye sukari wayanywe mpaka asubuhi. Baada ya siku 3 hutolewa tone la damu katika ncha ya mkia na kupimwa kwa kipimo kama kile alichopimiwa Bibi. Wale tu waliozidi kiwango kilichowekwa tangu mwanzo, mara nyingi kama 14, ndio waingizwao katika jaribio.

Sasa twafika kwenye kiini cha mambo, nacho ni kugawanya makundi. Tuseme wapo panya 30. Hugawanywa katika makundi matano ya panya sita sita, na kugawanya huko hufanywa kwa kura, ili mtafiti asije akawapa dawa yake wale wenye afya nzuri zaidi. Kundi la kwanza ni panya wazima, nao hupewa maji. Kundi la pili wana kisukari, nao pia hupewa maji. Kundi la tatu wana kisukari, nao hupewa dawa ya hospitali inayojulikana. Kundi la nne hupewa mchujo kidogo, na la tano hupewa mchujo mwingi. Wote hupitishiwa kinywaji chao kwa mrija laini uingiao mpaka tumboni, kila siku kwa wiki tatu au nne, na yule apimaye damu ni vyema asijue panya yupi ni wa kundi lipi.

Mimi nilidhani kundi la pili ni la bure. Kwa nini kuwapa maji panya wagonjwa? Mwalimu akaniandikia hesabu ubaoni, ya mfano tu. Tuseme panya waliopewa mchujo walianza na sukari ya 20, na baada ya wiki nne wana 14. Je, mchujo umepunguza kiasi gani? Darasa zima tukajibu, sita. Akasema, "Haya, tazameni kundi la maji. Walianza na 20, nao sasa wana 17." Panya wale hawakupata dawa yoyote, na bado wameshuka tatu. Labda baadhi ya chembe za kongosho zilipata nafuu zenyewe. Labda panya wamezoea kushikwa, maana panya mwenye hofu sukari yake hupanda. Basi katika zile sita, tatu si za mchujo, na sifa ya mchujo ni tatu tu. Mtafiti asiye na kundi la maji angeusifu mchujo mara mbili ya haki yake.

Jioni ile nilimpigia simu mjomba, nikamwomba amwulize jirani wa Bibi maswali mawili. Jibu likaja siku ya pili. Jirani yule hajaacha vidonge vyake hata siku moja, anakula kokwa juu ya vidonge. Tena tangu aambiwe ana kisukari ameacha kutia sukari katika chai, na kila asubuhi huenda shamba kwa miguu. Hakusema uongo aliposema sukari yake imeshuka. Lakini hatuwezi kujua ni nini kilichoishusha, kwa sababu jirani ni mmoja, na hapana jirani wa pili wa kumlinganisha naye. Hilo ndilo kosa alilolifanya Bibi: alichukua sifa ya mambo manne akaipa moja.

Mitego haiishi hapo. Mchujo mchungu waweza kumfanya panya asile, na panya mwenye njaa sukari yake hushuka. Kwa hiyo chakula na maji hupimwa kila siku, na panya hupimwa uzito. Panya mwenye kisukari hukonda, basi dawa njema hupunguza sukari na wakati huo huo huzuia kukonda. Ikiwa sukari imeshuka na panya amezidi kukonda, hapana budi kushuku.

Tena kuna jambo la kutisha zaidi. Kushusha sukari si sawa na kuponya. Huko Jamaica watu hula sana tunda liitwalo aki, ambalo asili yake ni Afrika ya Magharibi. Likiliwa bichi huleta kutapika, kupoteza fahamu, na hata kifo. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa huko waliitenga sumu yake, wakaiita hipoglisini, kwa kuwa hushusha sukari ya damu. Huzuia mwili kuyatumia mafuta, basi sukari yote huliwa na ini hushindwa kutengeneza nyingine. Mtu angeitazama hesabu ya sukari peke yake angesema amepata dawa kubwa ya kisukari, kumbe ameshika sumu. Ndiyo sababu, wiki nne zikiisha, panya huuawa bila maumivu, na ini, figo na kongosho lake hukatwa vipande vyembamba vikatazamwa kwa darubini.

Hata jaribio linaloshindwa, likifanywa kwa uangalifu, laweza kuleta heri. Lipo ua moja dogo, la rangi ya waridi au jeupe, lenye petali tano, ambalo asili yake ni Madagaska, nasi twaliona limepandwa mbele ya nyumba nyingi hapa pwani. Kwa kisayansi huitwa Catharanthus roseus. Jamaica watu walikunywa chai ya majani yake kwa ajili ya kisukari. Mwaka 1952 majani hayo yalipelekwa Kanada, yakamfikia Robert Noble. Yeye na Charles Beer waliwapa panya mchujo wake kwa mdomo, na sukari haikushuka. Wakawachoma sindano. Sukari haikushuka vilevile, lakini panya wakafa baada ya siku chache. Wengine wangeutupa mchujo na kuandika kwamba haufai. Hawa walitazama damu ya panya wale, wakaona chembe nyeupe zimepungua mno, na kwa hiyo panya wameuawa na maradhi ambayo mwili haukuweza kuyapinga. Basi wakafikiri: kitu kinachopunguza chembe nyeupe huenda kikafaa katika saratani ya damu, ambapo chembe hizo huzidi kupita kiasi. Mwaka 1958 walitangaza dawa waliyoitenga, ijulikanayo sasa kwa jina la vinblastini. Dawa ndugu yake, vinkristini, itokanayo na ua hilo hilo, hata leo hutumiwa kuwatibu watoto wenye saratani ya damu. Ua halikuwa dawa ya kisukari, lakini waliolipima kwa uaminifu walipata kitu kingine chenye thamani.

Sasa tuseme mchujo wa kokwa umeshinda: sukari imeshuka kuliko katika kundi la maji, panya hawakukonda, ini na figo ni salama. Je, Bibi aweza kuutumia? Bado. Hesabu ya kwanza ni ya kiasi. Tuseme panya walipewa miligramu 400 kwa kila kilo ya mwili. Bibi ana kilo 60. Mtu angezidisha na kupata miligramu 24,000, yaani gramu 24 za mchujo mkavu kwa siku. Lakini mwili mdogo hufanya kazi upesi kuliko mwili mkubwa, na wataalamu wa dawa hugawanya kiasi cha panya kwa 6.2 ili wapate cha kuanzia kwa mtu. Miligramu 400 zikigawanywa hivyo hupatikana kama 65, na mara 60 ni karibu gramu 4. Ikiwa kila gramu 100 za unga zilitoa gramu 10 za mchujo, Bibi atahitaji gramu 40 za unga kila siku. Sasa linganisheni na vijiko vyake viwili! Tena hesabu hiyo ni ya kuanzia tu, nao hupunguzwa zaidi kwa usalama kabla mtu wa kwanza hajaujaribu.

Hesabu ya pili ni kwamba panya si mtu. Panya yule kongosho lake liliharibiwa kwa siku moja. La Bibi limechoka kwa miaka. Lililomfaa wa kwanza huenda lisimfae wa pili. Karela, mboga ile chungu inayouzwa katika masoko yetu, imeshusha sukari ya panya mara nyingi. Lakini mwaka 2012 wataalamu waliokusanya majaribio ya karela yaliyofanywa kwa watu hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba yafaa kwa kisukari.

Msomaji asidhani kwamba nataka kuidharau miti shamba. Jambo lililonishangaza kuliko yote nililisoma mwisho. Zamani huko Ulaya watu walitumia mmea uitwao galega kwa maradhi yanayofanana na kisukari. Mmea huo una kitu cha jamii ya guanidini. Mwaka 1918 ilionekana kwamba guanidini hushusha sukari ya wanyama, lakini ilikuwa na sumu. Mwaka 1922, huko Dublin, Emil Werner na James Bell walitengeneza kitu cha jamii hiyo kiitwacho metifomini. Mwaka 1929 kikaonekana kwamba hushusha sukari ya sungura, kisha kikasahauliwa. Mwaka 1957 Jean Sterne, daktari wa Ufaransa, akaandika jinsi alivyokitumia kwa wagonjwa. Marekani hawakukiruhusu mpaka mwaka 1994. Leo metifomini humezwa na mamilioni ya watu ulimwenguni, nacho ndicho kidonge kile kile kilichomsokota Bibi tumbo. Bibi alidhani ameacha dawa ya kizungu akarudi kwenye mti, kumbe kidonge chake nacho kilitokana na mti. Tofauti ni kwamba mti ule umepimwa kwa miaka mingi, na mzambarau wetu bado upo njiani.

Likizo ya Juni nilikwenda tena Muheza, nikamweleza Bibi haya yote polepole. Nilimwambia kwamba wazee si waongo. Wao walitupa swali zuri, na bila swali lao mtaalamu asingejua aanzie mti gani katika maelfu. Lakini swali si jibu. Nikamwomba mambo mawili. La kwanza, asiache vidonge bila kumwuliza mganga, hata akijisikia mzima, kwa maana sukari hupanda kimya kimya. La pili, kila aendapo kituoni aseme wazi anakula nini, kokwa, majani au mizizi. Mtu akichanganya mti ushushao sukari na sindano ya insulini au na baadhi ya vidonge, sukari yaweza kushuka mno, akatoka jasho, akatetemeka, hata akazirai. Mganga asiyejua hawezi kumlinda.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Vidonge vyake anavimeza pamoja na uji, na tumbo limetulia. Siku hiyo ya Juni kipimo chake kilikuwa 8, si kizuri sana, lakini 8 si 17. Kisha akaingia ndani akaleta kopo la kokwa zilizokauka. "Chukua," akasema. "Kawape hao panya wako weupe, uniletee jibu kabla sijafa."

Shuleni kwetu hatuna panya weupe, wala ruhusa, wala vyombo vya kazi hiyo. Lakini nchini mwetu kazi hii yafanywa, na huko Muhimbili dawa za asili zinachunguzwa tangu mwaka 1974. Baadhi yetu tutakwenda kusoma huko, tukijaliwa. Kwa sasa kopo la Bibi lipo katika kabati la maabara yetu, pamoja na tawi la mzambarau ule tulilolikausha. Juu yake tumebandika karatasi yenye jina la mti, sehemu iliyotumika, kijiji, na tarehe. Mwalimu anasema hatua ya kwanza tumekwisha ifanya sawasawa. Wanafunzi wenzangu, mkienda likizo waulizeni wazee wenu, muandike vizuri, na mtu wa nyumbani akiwa na kisukari mwangalieni kama amemeza vidonge vyake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita